Milimita Moja ya Nyanya

"Tatu, mbili, tatu. Tano. Sita. Tano."

Daktari alikuwa akitaja na msaidizi wake akiandika. Mimi nilikuwa chali kwenye kile kiti, mdomo wazi, namba zapita juu ya kichwa changu na sijui chahesabiwa nini. Nilikwenda kuziba mwanya. Nilitarajia kuulizwa nataka meno meupe kiasi gani, si kuchokorwa fizi na kijiti cha chuma chenye alama za milimita.

Kwetu Mombasa mwanya si kasoro. Mwanamke akisifiwa hutajwa macho, hutajwa vibonyeo vya mashavu, na kama anao, mwanya hutajwa kabla ya hivyo vyote. Nyanya, mamake mamangu, alikuwa nao. Mama anao. Nami nilipobadilisha meno ya utoto, yale mawili ya mbele yakatoka yameachana, na watu wazima nyumbani wakafurahi kana kwamba nimeletewa zawadi. Siku ya kupamba kwangu, nilipokuwa bi harusi, somo, yaani kungwi wangu, alininong'oneza, "Usifumbe mdomo ukikaa pale juu. Tabasamu kidogo kidogo, uonekane." Picha ya siku ile iko sebuleni kwa mama hadi leo. Mwanya mwembamba, ungepita uzi wala si kamba.

Nauza leso katika duka moja Barabara ya Biashara. Kazi yangu ni mdomo. Mteja huniuliza jina la leso nikamsomea, akiwa amenunua kumpelekea wifi yake nikamwambia hili lafaa na hili litaleta maneno. Kutwa nzima watu wanitazama usoni. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, tukavaa barakoa karibu miaka miwili. Zilipoondoka mwaka 2022 niliona kama nimerudishiwa uso wangu. Lakini haukuwa ule nilioufunika.

Nilitambua siku nilipojiona kwenye video ya harusi ya binamu yangu, nikicheka. Mwanya ulikuwa mpana. Na kando ya jino la mbele la kushoto kulikuwa na upenyo mwingine, mdogo, ambao sikuwahi kuwa nao. Meno yenyewe yalionekana yamesogea mbele, kama yataka kutoka kabla ya mdomo. Usiku ule nilichukua kijiti cha kiberiti nikakipitisha kwenye mwanya. Kilipita bila kugusa upande wowote. Nikaanza kucheka na ncha ya mtandio mdomoni.

Wakati huo nilikuwa na miaka 41, na mdogo wangu alikuwa aolewe baada ya miezi minne. Nikataka meno yangu yawe tayari kwa harusi yake. Haraka ile nusura inigharimu meno sita mazima.

Mahali pa kwanza nilipokwenda sitapataja. Palikuwa pazuri, pana baridi na harufu ya uturi. Kijana aliyenipokea alinipiga picha, akaichezea kwenye simu, akanionyesha uso wangu ukiwa na meno meupe yaliyoshikana kama punje za mahindi machanga. Akasema zinatakiwa vinia sita za kauri, shilingi 35,000 kila moja, ziara mbili tu. Vinia ni kipande chembamba kinachobandikwa juu ya uso wa jino, mfano wa kucha ya bandia. Nikamuuliza mtasaga jino langu kiasi gani. "Kidogo tu, hutasikia." Nikaacha 20,000 za kuweka nafasi nikaenda zangu nimefurahi.

Nyumbani mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwani hayo meno yana nini hata yasagwe? Yameoza?" Nikasema hayajaoza. "Basi wataka kusaga meno mazima ili uwekewe sahani?" Nilikasirika. Niliona mama haelewi mambo ya siku hizi. Lakini neno lile "mazima" halikuniacha kulala.

Aliyenigeuza hasa ni mteja, muuguzi, mwanamke mpole ambaye hununua doti kila mwezi wa Shaabani. Nilikuwa nikimpimia leso nikacheka nikajiziba. Akaniuliza mbona. Nikamweleza yote, na kwamba nina miadi wiki ijayo. Akaniambia, "Dada, mtu mzima mwanya wake hauongezeki bure. Fizi zako hutoka damu ukipiga mswaki?" Hutoka. Zilikuwa zikitoka tangu mimba ya mtoto wangu wa mwisho, na mwanangu ana miaka minane. Nilidhani kila mtu hutoka.

Ile 20,000 sikurudishiwa. Baadaye nilijifunza kwamba Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina orodha kwenye intaneti ambamo mtu yeyote aweza kutafuta jina la daktari na kuona kama leseni yake ya mwaka huo iko hai. Ni kazi ya dakika tano. Jina la yule kijana sikuliona mle. Nawaeleza hili wote wanaoniuliza, kabla hata sijawaambia bei.

Basi ndivyo nilivyofika kwa daktari wa namba. Swali lake la kwanza halikuwa nataka nini. Aliuliza, "Huu mwanya ni wa tangu lini?" Nikampa jibu ambalo hata mimi sikuwa nimelipanga: kuna ule wa tangu utotoni, na kuna huu mwingine ulioongezeka. Akasimamisha kalamu. "Una picha ya zamani?" Nilikuwa nayo kwenye simu, ile ya siku ya kupamba. Akaikuza akaitazama kwa muda, kisha akaomba nilale kitini.

Alipomaliza kutaja namba aliniketisha akanieleza. Kati ya jino na ufizi kuna kifuko kidogo. Kwa mtu mzima wa afya kina kina cha milimita moja hadi tatu. Kwangu, kwenye meno ya mbele, vilifika tano na sita, na vilitoka damu kila vilipoguswa. Mle ndani ukoga ulikuwa umeganda chini ya ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki. Mwili unapopigana na ukoga ule mwaka baada ya mwaka, mfupa unaoshika jino hurudi nyuma. Eksirei ikaonyesha: pale ambapo mfupa ungefika karibu na shingo ya jino, ulikuwa umerudi nyuma, na kwenye jino lile la kushoto umerudi zaidi.

"Umeona minazi ya ufuoni, mchanga wake ukiliwa na maji?" akaniuliza. "Haianguki siku moja. Huinama kwanza, kuelekea baharini."

Meno yangu yalikuwa yameinama. Ulimi huyasukuma kwa nyuma kila ninapomeza, na kwa vile magego mawili ya chini niling'olewa zamani nisiweke mengine, mzigo wa kutafuna ulikuwa umehamia mbele. Mfupa uliopungua haukuweza kuyazuia. Ndio mwanya ukapanuka, ndio upenyo mpya ukafunguka. Nikamuuliza zile vinia sita zingefanya nini hapo. Akasema zingependeza. Lakini chini yake meno yangeendelea kusogea na mianya ingejifungua upya kando ya kauri, nami nimeshasagwa. Gamba gumu la jino likiondolewa halioti tena.

Alinieleza pia kwamba wagonjwa wanaokuja na neno "mwanya" hawana ugonjwa mmoja. Kuna mwenye taya kubwa na meno madogo. Kuna mwenye meno ya pembeni yaliyotoka membamba kama vigingi, nafasi ikabaki. Kuna mwenye kile kigozi kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, kikiwa kinene kimeshuka hadi katikati ya meno. Kuna anayesukuma meno kwa ulimi. Kuna wa kurithi tu, asiye na tatizo lolote. Na kuna wangu. Kila mmoja ana njia yake, na dawa ya mmoja yaweza kuwa hasara kwa mwenzake. Akanituma pia kipimo cha sukari, kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Yangu ilikuwa asilimia 6.1. Bado si kisukari, ila ni mlangoni. Nikamkumbuka nyanya, aliyekuwa na sukari, na ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa hana jino hata moja la juu. Sisi tulisema ni uzee.

Fizi zikaja kwanza. Nilichomwa ganzi upande wa kulia wiki moja na wa kushoto wiki iliyofuata, akasafisha chini ya ufizi, mzizi baada ya mzizi. Sikuumia sana. Kilichoniumiza ni wiki zilizofuata. Fizi zilizokuwa zimevimba zikanywea, na zikinywea meno huonekana marefu na katikati yao kunabaki vijitundu vyeusi vya pembe tatu. Dafu la baridi lilinipiga hadi kichwani. Nilikuwa nimekwenda kuziba mwanya mmoja, na kwenye kioo niliona mianya mitano. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, lakini kuambiwa na kujiona ni mambo mawili. Nililia chumbani, peke yangu, na sioni haya kulisema, kwa sababu najua wapo wanaoacha tiba hapo hapo wakidhani wameharibiwa.

Harusi ya mdogo wangu ikafika nikiwa katika hali ile. Nilivaa vizuri, nikatia kikuba cha asumini, nikakaa na dada zangu mbele. Mdogo wangu alipotoka watu wakapiga vigelegele, nami nikasahau nikacheka mdomo wazi.

Miezi mitatu nilifanya kazi niliyopewa. Usiku viburashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, kimoja chembamba na kimoja kinene. Asubuhi mswaki na dawa. Ule mswaki wa mti ambao nimezoea hakunikataza. Alisema unasafisha uso wa jino vizuri, ila haupenyi katikati. Chai yangu nikaitoa sukari. Niliporudi akahesabu tena, na safari hii nilikuwa naelewa kila namba: tatu, mbili, tatu, tatu, nne, tatu. Damu sehemu moja tu. Na jambo ambalo sikulitegemea: mwanya uliokuwa na milimita tatu ulikuwa umejirudi hadi mbili na nusu. Ufizi ukipona, wakati mwingine jino lililosogea hurudi kidogo lenyewe.

Hapo ndipo tulipozungumza urembo. Daktari alinipa njia tatu na hakunisukuma.

Ya kwanza ni waya za meno. Alisema kwa mtu mzima mwenye fizi zilizotulia zinawezekana, kwa nguvu ndogo na uangalizi wa karibu, na kwangu angekadiria miezi minane hadi kumi. Faida yake ni kwamba jino lenyewe hurudi mahali pake, haliongezwi wala halipunguzwi. Kuna pia zile za plastiki angavu za kuvaa na kuvua. Lakini mwanya wa mbele ni katika vitu vyenye tabia ya kurudi, kwa hiyo baada ya waya hubandikwa kijiwaya chembamba kwa nyuma, na hicho hakina siku ya kutolewa. Jambo hili sikuwahi kulisikia kwa yeyote aliyevaa waya. Nina mpwa wangu aliyevaa miaka miwili, akavuliwa, kile cha kushikilia akakiacha sandukuni, na leo mwanya wake uko pale pale.

Ya pili ni vinia. Kauri nzuri hukaa miaka kumi hadi kumi na tano, haishiki rangi ya kahawa wala ya manjano. Lakini mara nyingi jino husagwa kidogo ili zikae, na zikifika mwisho lazima ziwekwe nyingine. Nikapiga hesabu ya umri wangu. Ningezibadilisha mara mbili au tatu kabla ya kufika umri wa mama, na kila mara kulipa upya.

Ya tatu ni kujengea jino kwa resini, ile ile ya rangi ya jino wanayozibia matundu. Haisagi kitu, au husugua juu juu tu. Hubandikwa, ikafinyangwa kwa mkono, ikagandishwa kwa mwangaza wa buluu. Ikivunjika hurekebishwa siku hiyo hiyo. Ubaya wake hupoteza ung'aavu, hushika rangi, na baada ya miaka mitano, saba, hivi, huhitaji kufanywa upya. Tena ina mpaka: mwanya ukiwa mkubwa sana, kuujaza kwa resini hufanya meno mawili ya mbele kuwa mapana kama majembe.

Binti wa dukani aliwahi kuniuliza ile njia ya nne, ya mipira midogo ya kuzungushia meno mawili ili yavutane, kama ilivyo kwenye video. Nilimuuliza daktari kwa niaba yake. Uso wake ulibadilika. Mzizi wa jino ni mwembamba kuelekea ndani, kwa hiyo mpira huteleza ukapanda chini ya ufizi, hauonekani tena, ukakata mfupa pole pole hadi meno yote mawili yakalegea. Watu wamepoteza meno mazima kwa mpira wa shilingi mbili. Nilirudi dukani nikamwambia binti yule aitoe mkobani mbele yangu.

Nikabaki na jambo moja ambalo si la daktari. Ami yangu hufundisha madrasa, nikamwendea alasiri baada ya sala. Nilikuwa najua kuna hadithi ya Mtume, iliyopokewa na sahaba Abdullahi bin Masud, inayowalaani wanaotia mianya kwenye meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Nilikuwa nikiogopa. Ami akanieleza kwamba inawahusu waliokuwa wakisugua meno ili kutengeneza mwanya, kwa vile ulikuwa alama ya ujana. Akanitajia ufafanuzi wa mwanazuoni Imamu Nawawi, kwamba linalokatazwa ni la kutaka uzuri tu; likiwa la tiba au kasoro ya jino, hapana ubaya. Kisha akanyamaza, akaniuliza, "Uliofunguliwa na maradhi huo ni wa kutibiwa. Na ule mwengine, aliokupa Mola wako, una kasoro gani?"

Sikuwa na jibu. Nilitembea kutoka kwake hadi Ngome ya Yesu na kurudi nikiufikiria. Kumbe tangu mwanzo sikuwa nikiuchukia mwanya. Nilichukia ile milimita moja na nusu iliyoongezeka, na kwa hasira nilitaka kufuta vyote.

Nikachagua resini. Daktari angependelea waya, alisema wazi, lakini alikubali kwamba meno yangu yametulia na nafasi iliyobaki si kubwa. Meno manne, shilingi 8,000 kila moja. Bima ya kazini ilikuwa imelipia eksirei na fizi. Hii ya urembo ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku yenyewe alifanya mambo mawili ambayo namshukuru hadi leo. Alichagua rangi kabla ya kitu kingine chochote, nimesimama dirishani, meno bado yana mate, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo na resini ingekosea rangi. Kisha, kabla ya kupaka ile dawa kali inayotayarisha jino ili resini ishike, alinijengea mfano. Akabandika resini juu juu, bila dawa, akaziba mwanya wote, akanipa kioo.

Meno yalikuwa mazuri. Yamepangika, hakuna pengo. Na mwanamke aliyekuwa kwenye kioo sikumjua. Nilijaribu kusema "Fatuma", "sufuria", "fedha taslimu". Sauti ya "s" yangu, ambayo wateja huitambua hata kwenye simu, haikuwapo. Nikampigia mama kwa video. Alitazama, akatazama tena, akasema, "Mashallah, mazuri." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Umefanana na kila mtu."

Nikamwambia daktari, tafadhali uache kidogo. Hakushangaa. Aliibandua ile ya mfano kwa ncha ya chombo, ikatoka kama ganda la yai, akarudi kwenye picha ya kupamba kwangu, akapima. Milimita moja. Akaongeza robo tatu ya milimita kila upande, akaziba kabisa ule upenyo mpya wa kando, akazungusha pembe za meno ili yasionekane yamenenepeshwa. Hakuna sindano. Jeli ya buluu sekunde chache, maji, gundi, resini, mwangaza, tabaka juu ya tabaka, kisha kusugua hadi ikang'aa. Saa mbili na kidogo. Kwa nyuma akaniwekea kijiwaya chembamba, kila jino kwenye nafasi yake, kikiuvuka mwanya, ili meno yasianze safari tena.

Siku mbili za kwanza sikunywa kahawa, sikula pilau wala mabuyu, yale mekundu ndiyo alinitajia mara mbili. Mahindi ya kuchoma sasa nayapukuchua kwa mkono. Miwa nakata vipande natafunia nyuma. Haya yote niliyazoea upesi.

Lililonishinda ni uzi. Leso huuzwa doti, mbili zimeshikana, na mteja akitaka ikatwe na kupindwa nampindia pale pale. Tangu utoto nimekata uzi kwa meno, kama alivyokata mama, kama alivyokata nyanya. Mwezi wa nane nikasikia "tik". Kipembe cha jino la kulia kilikuwa kiganjani mwangu, kidogo kuliko punje ya mchele. Nilitetemeka. Nilipofika kwa daktari alikirekebisha kwa dakika ishirini, na ningekuwa na vinia, alisema, kauri ikimeguka hivyo huenda ingebidi itengenezwe upya yote. Sasa nina mkasi umening'inia shingoni kwa utepe.

Kila miezi minne narudi kusafishwa fizi na kuhesabiwa. Sukari nayo imeshuka hadi 5.6. Mwanya haujasogea.

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu, yule wa miaka minane, akaguliwe. Meno yake mapya ya mbele yametoka yameachana, mwanya mpana kuliko wangu ulivyowahi kuwa, na shuleni wameanza kumtania. Daktari alimtazama kigozi cha mdomo, akampiga eksirei moja, akasema hapana la kufanya sasa. Katika umri huo mwanya ni wa kawaida. Chonge zikishuka, miaka kumi na moja au kumi na mbili, huyasukuma meno ya mbele yakakaribiana, na mara nyingi mwanya hufunga wenyewe.

Kwenye tuktuk akaniuliza, "Mama, ukifunga wote?"

Nikamwambia tungoje chonge kwanza. Akahesabu miaka kwa vidole, vinne, kisha akakiazima kioo changu cha mkobani akajitazama njia nzima hadi Makadara.